SIKU YA UPATANISHO: WAYAHUDI WANATUFUNDISHA NINI JUU YA KUSAMEHEANA?

Masomo: Walawi 16, Walawi 23:26-32, Hesabu 5:5-7, Mathayo 5:23-24, Waebrania 9 na 10



Kila mwaka, mwezi wa 9 au wa 10 kwa kalenda yetu, Wayahudi wa dunia nzima wanashika siku moja iliyo kubwa kuliko siku zote za mwaka wao. Kwa lugha yao inaitwa Yom Kippur, ndiyo Siku ya Upatanisho. Wakristo wengi wanaijua kutoka kitabu cha Walawi tu, na wanafikiri ya kuwa ni mambo ya kale yaliyokwisha pamoja na hema ya Musa. Wengine wamesikia jina lake kwa sababu ya vita, maana tarehe 6 Oktoba 1973 Misri na Siria walishambulia Israeli siku hiyo hiyo. Lakini siku yenyewe haikuwekwa kwa ajili ya vita. Iliwekwa ili mtu atengeneze na Mungu wake, na kama tutakavyoona, ili atengeneze na jirani yake kwanza.

Hata hapa kwetu Kongo siku hiyo imeshikwa. Wazee wa Lubumbashi wanaijua sinagogi ya Wayahudi iliyojengwa wakati wa Wabeleji. Wengi wa Wayahudi wale walitoka katika kisiwa cha Rodo, walikuja kufanya biashara mpaka vijijini, na wengi wao walisema Kiswahili. Ndugu zao waliobaki Rodo walichukuliwa na Wanazi mwezi wa 7 mwaka 1944 na kupelekwa Auschwitz, na karibu wote wakafa. Basi mtu akisema katika kanisa kwamba Wayahudi ni watu wa mbali wasiotuhusu, au kwamba wamelaaniwa, ajue anasema juu ya watu waliouza vitambaa kwa bibi zetu. Na tena asisahau kwamba Bwana Yesu, Mariamu mama yake, Petro na Paulo, wote waliishika siku hii. Katika Matendo 27:9, Luka anapima majira ya safari ya baharini kwa kusema kwamba siku ya kufunga ilikuwa imekwisha kupita. Kufunga huko ndiko Yom Kippur.

KAZI YA KUHANI MKUU

Tusome Walawi 16 pole pole. Sura inaanza kwa kukumbusha kifo cha wana 2 wa Haruni, ambao waliingia mbele za Mungu na moto usioagizwa (Walawi 10). Ni kama kusema: mahali hapa si pa mchezo. Kuhani mkuu aliingia Patakatifu pa Patakatifu siku 1 tu katika mwaka, siku ya 10 ya mwezi wa 7. Alioga. Aliacha mavazi yake ya utukufu, yale ya dhahabu na rangi, akavaa kitani cheupe tu kama kuhani wa kawaida. Sisi tunaovaa nyeupe katika ibada tuangalie vizuri hapa: nyeupe ile haikuwa ya kumpamba kuhani, ilikuwa ya kumshusha.

Kisha alichinja ng'ombe dume kwa ajili ya dhambi zake mwenyewe na za nyumba yake. Ni baada ya hapo tu alipogeukia dhambi za watu. Mishna, kitabu cha mafundisho ya Wayahudi kilichokusanywa karibu mwaka 200, kina sehemu nzima juu ya siku hii, inaitwa Yoma, maana yake «Siku». Humo imeandikwa kwamba kuhani mkuu aliungama mara 3: kwanza kwa ajili yake na nyumba yake, tena kwa ajili ya makuhani wote, na mwisho kwa ajili ya Israeli wote. Imeandikwa pia kwamba siku 7 kabla ya siku yenyewe alitolewa nyumbani kwake ili ajitayarishe. Usiku ule wa mwisho hakuruhusiwa kulala. Wazee walimsomea vitabu vya Ayubu, Ezra, Mambo ya Nyakati. Akianza kusinzia, makuhani vijana walimpigia vidole na kumwambia asimame kidogo juu ya sakafu ya baridi. Na wazee walipomwapisha kwamba hatabadili kitu, yeye alilia kwa sababu walimwonea mashaka, na wao walilia kwa sababu iliwabidi kumwapisha. Jambo hili linanigusa. Viongozi wa ibada walianza kazi yao kwa machozi.

Hapa niseme neno kidogo juu ya hadithi ya kamba. Wahubiri wetu wengi wanapenda kusema kwamba kuhani mkuu alifungwa kamba mguuni ili akifa mle ndani avutwe nje, na kwamba watu walisikiliza kengele za vazi lake. Ndugu wahubiri, kamba hiyo haimo katika Biblia wala haimo katika Mishna. Na kengele zilikuwa kwenye lile vazi la utukufu (Kutoka 28:33-35), ambalo siku ile aliliacha alipoingia Patakatifu pa Patakatifu. Tuhubiri yaliyoandikwa, yanatosha.

MBUZI WAWILI

Sasa tufike kwa mbuzi. Walikuwa 2. Mishna inafundisha kwamba walipaswa kufanana kwa sura, kwa urefu, kwa bei, na kununuliwa pamoja. Kura ndiyo iliyowatenganisha: mmoja kwa Bwana, mwingine kwa Azazeli. Wa kwanza alichinjwa, damu yake ikapelekwa ndani ya pazia. Wa pili alibaki hai. Kuhani mkuu aliweka mikono yake yote miwili juu ya kichwa chake, akaungama juu yake maovu yote ya watu, na mtu aliyewekwa tayari akampeleka jangwani.

Angalieni, wapendwa: mbuzi yule hakuwa na kosa lolote. Hakutofautiana na mwenzake hata kwa unywele. Na watu wote waliosimama pale walijua hivyo. Hakuna aliyesema, «Huyu mbuzi ndiye aliyeleta njaa katika nyumba yangu.» Walisema dhambi ni zetu, anazibeba yeye.

Kwa nini ninakaa juu ya neno hili? Kwa sababu katika miji yetu kuna mbuzi wa Azazeli wengine, nao ni watoto. Baba anapoteza kazi, mama mdogo anakosa mimba, mtoto mchanga anakufa kwa malaria, ndipo watu wanatafuta nani ameleta. Na kila mara anapatikana asiye na mtu wa kumtetea: yatima aliyeletwa kutoka kijijini, mtoto anayekojoa kitandani, bibi mjane mwenye macho mekundu kwa sababu ya moshi wa jiko. Wanasema, huyu ni ndoki, huyu ni mchawi. Anapelekwa kwa mtu anayejiita nabii, ananyimwa chakula siku 3, siku 5, na mwisho anafukuzwa. Jangwa lake ni soko, ni barabara, ni usiku.

Mimi ni shemasi wa kanisa la kinabii na ninaamini kwamba Mungu anafunua mambo. Lakini unabii unaoweka dhambi za nyumba nzima juu ya kichwa cha mtoto wa miaka 8 unakwenda kinyume na Walawi 16 tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Haruni hakuanza na mbuzi. Alianza na ng'ombe wake mwenyewe, na dhambi zake mwenyewe, na nyumba yake. Je, nabii huyo amechinja ng'ombe wake? Baba wa nyumba ameungama ya kwake, zile pesa za mshahara anazokunywa, ule mwanamke wa pili aliyefichwa? Na zaidi ya hayo, sisi Wakristo tunakiri kwamba kazi ya mbuzi imekwisha. Miili ya wanyama wa siku ile ilichomwa nje ya kambi (Walawi 16:27), na Waebrania 13:11-12 inatuambia kwamba Yesu naye aliteswa nje ya mlango wa mji ili atutakase kwa damu yake mwenyewe. Aliingia mara moja tu, si kila mwaka (Waebrania 9). Yeye amebeba. Ukitafuta mwingine wa kubeba, unasema kwamba yeye hakutosha.

Na kwa wale wanaoogopa serikali kuliko Mungu: Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inaliadhibu jambo hilo.

HEKALU LILIPOBOMOLEWA

Mwaka 70, askari wa Roma chini ya Tito waliliteketeza Hekalu la Yerusalemu. Tangu siku hiyo hakuna kuhani mkuu anayeingia, hakuna damu, hakuna mbuzi. Mtu angefikiri siku hii ingekufa. Haikufa. Wayahudi waliendelea kuishika kwa kufunga, kwa sala na kwa toba, na hivyo wanafanya mpaka leo.

Wanaanza jioni kabla jua halijazama, wanamaliza kesho yake usiku ukiisha kuingia, karibu saa 25. Hawali, na hawanywi hata maji. Hawaogi, hawajipaki mafuta, mume na mke hawakutani, na hawavai viatu vya ngozi. Sisi tunaovua viatu mbele za Bwana tunaelewa jambo hilo bila kuelezwa. Wengi wanavaa nyeupe. Katika Israeli barabara zinabaki bila magari, watoto wanaendesha baiskeli katikati ya njia kubwa. Lakini watoto wadogo hawafungi, na mgonjwa ambaye kufunga kutamhatarisha haruhusiwi kufunga, kwa maana kwao kuokoa uhai kunapita siku yenyewe. Hapa tuna la kujifunza sisi ambao wakati mwingine tunamwacha mama mwenye mimba afunge siku 3 kavu halafu tunaita ugonjwa wake vita vya kiroho.

Wanasoma Walawi 16 asubuhi, pamoja na sehemu ya Isaya 57 na 58, pale nabii anapowagombeza watu wanaofunga huku wanawaonea wafanyakazi wao. Fikirieni: watu wana njaa, midomo imekauka, na somo wanalosomewa linawauliza kama kufunga kwao kuna faida! Mchana wanasoma kitabu chote cha Yona, habari ya mji wa wapagani uliosamehewa na nabii aliyekasirika kwa sababu umesamehewa. Na maungamo yao yanasemwa kwa wingi. Hawasemi «nimekosa», wanasema «tumekosa», wakifuata herufi za alfabeti yao moja baada ya nyingine, na kwa kila neno wanajipiga kifuani. Hata asiyeiba anasema tumeiba. Kwetu, mtu akienda mbele kuungama, shingo zote zinageuka kuona ni nani.

DHAMBI ZA NAMNA MBILI

Hili ndilo fundisho kubwa la siku hiyo, na ndilo lililonifanya niandike somo hili. Mishna inafundisha kwamba makosa yaliyo kati ya mtu na Mungu, Siku ya Upatanisho inayafunika. Lakini makosa yaliyo kati ya mtu na mwenzake, siku hiyo haiyafuniki mpaka kwanza amwendee mwenzake na kumtuliza. Pia inafundisha kwamba mtu anayesema moyoni, «nitakosa, kisha siku ile itanisafisha», huyo siku haimsaidii kitu.

Kwa hiyo siku 10 zinazotangulia, tangu mwaka wao mpya mpaka siku ya kufunga, zina kazi yake. Katika siku hizo mtu anamtafuta ndugu aliyemsengenya, jirani aliyemdanganya, mfanyakazi aliyemkata mshahara. Anamwendea kwa miguu yake. Mwalimu wao mkuu Maimonides, aliyekufa Misri mwaka 1204, aliandika jinsi ya kufanya. Kama ulimwibia mtu, kwanza rudisha mali, na hata ukisha kurudisha bado umwombe radhi. Akikataa, rudi pamoja na rafiki zake 3. Akikataa, rudi mara ya pili na ya tatu. Akikataa hata hapo, mwache. Sasa yeye asiyesamehe ndiye mwenye kosa. Ila kama uliyemkosea ni mwalimu wako, rudi hata mara 1,000. Na kama amekufa? Chukua watu 10, simama kaburini kwake, useme mbele yao: nilimkosea Bwana na nilimkosea mtu huyu, kwa jambo hili na hili. Kama ulikuwa na deni lake, walipe warithi wake.

Mtu atasema, hayo ni sheria ya Wayahudi, sisi tuko chini ya neema. Vema. Lakini Bwana Yesu alisema nini katika Mathayo 5:23-24? Umefika madhabahuni na sadaka mkononi, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako: acha sadaka pale, nenda kwanza. Ni fundisho lile lile. Na Zakayo alipookoka hakuishia kutoa machozi, alisema atarudisha mara 4 (Luka 19:8). Torati ilidai mtu arudishe yote na kuongeza sehemu ya 5 (Hesabu 5:7). Neema ilimfanya Zakayo apite torati, haikumfanya abaki chini yake.

Sasa tujiangalie. Kuna watu waliopora wakati wa uporaji wa 1991 na 1993. Waliingia katika duka la mtu wakatoka na friji, na mashine ya kushona, na godoro. Baadaye waliokoka, wakabatizwa, wamefunga mara nyingi. Miaka mingi mtu anapiga magoti kando ya godoro lile lile akiomba usingizi wa amani. Mwenye duka mwingine anajulikana, yuko mjini, alizeekea katika umaskini. Kuna mama aliyeshika pesa za likelemba, zamu ya mwenzake ilipofika akasema zimeibwa. Leo wote wawili wanaimba katika kwaya moja, mmoja sauti ya kwanza, mwingine ya pili, na hawasalimiani.

Na sisi tunaowapatanisha watu tuna desturi mbaya. Shauri likifika, tunakwenda kwa nani? Tunakwenda kwa aliyekosewa, kwa sababu yeye ni mpole na tunajua atatusikia. Tunamwambia, «Mama, samehe tu, wewe ni Mkristo.» Yule aliyekosa amekaa nyumbani kwake anatungoja tumletee msamaha kama tunavyompelekea mgonjwa chakula. Mwanamke amepigwa na mume wake mpaka jino limetoka, tunamfundisha yeye juu ya 70 mara 7! Mathayo 18 ni neno la kweli, na anayeombwa asihesabu; zile mara 3 za Wayahudi zinampima anayeomba, si anayesamehe. Lakini miguu inayopaswa kutembea ni ya aliyekosa. Ni yeye apige hodi. Ni yeye aseme, «Yaya, nilikukosea kwa jambo fulani, pesa zako hizi hapa, nisamehe.» Asiseme, «kama kuna kitu nilikukosea». Kitu anakijua.

Pia tusidanganyane kwamba mtu akiisha kusamehe, basi deni limefutwa, au mlango uliovunjwa umejitengeneza. Maimonides aliuliza, toba kamili inajulikanaje? Akajibu: mtu anapojikuta tena mbele ya jambo lile lile alilokosea, ana nguvu na nafasi ya kulifanya, na anajizuia kwa ajili ya toba. Mweka hazina aliyeiba tutamjua siku atakaposhika tena pesa na hakuna anayemwona. (Sisemi tumrudishie sanduku kesho ili tumjaribu.)

KWA SIKU YETU YA KUFUNGA

Mkristo hakuamriwa kushika Yom Kippur, na wale wanaotaka kuchinja mbuzi katika kiwanja cha kanisa waache. Kuhani wetu mkuu amekwisha kuingia. Lakini kanisa letu lina siku zake za kufunga, na siku hizo nazo zinaweza kutanguliwa na siku 10 za kutembea.

Basi kabla ya kufunga kunakofuata, baraza la mashemasi limekubaliana hivi. Siku 10 kabla, mkutano wa maombi wa jioni utafungwa saa 12 badala ya saa 1, ili mwenye mtu wa kumwendea aende kabla ya giza. Anayeogopa kwenda peke yake aje aseme, shemasi mmoja au mama mmoja atamsindikiza, na hatauliza jambo ni nini. Mwenye deni ambalo hawezi kulilipa lote aende na sehemu, na aseme mbele ya mwenzake atamaliza lini. Anayetaka kusimama kaburini atafute watu 10, sisi tutakuwa kati yao. Na siku ya kufunga yenyewe, ukifika mlangoni na bahasha yako, ukakumbuka, mpe shemasi aliye mlangoni. Tutaandika jina lako juu yake na kuiweka, haitahesabiwa pamoja na nyingine mpaka urudi.